Sura ya Tano: Mkono Usioweza Kuukata

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 23 Agosti 1973, mwanamume mmoja aliingia katika tawi la benki ya Kreditbanken kwenye uwanja wa Norrmalmstorg, katikati ya jiji la Stockholm, akatoa rashasha aliyoificha chini ya koti na kumimina risasi darini. Aliitwa Jan-Erik Olsson. Alikuwa mfungwa aliyepewa ruhusa ya siku chache kutoka gerezani, naye hakurudi. Wateja na wafanyakazi wengi waliwahi kukimbia. Askari mmoja aliyejaribu kumkaribia alipigwa risasi ya mkono. Mwisho wa purukushani, watu wanne walibaki mikononi mwa Olsson, wote wafanyakazi wa benki: Kristin Enmark, Elisabeth Oldgren, Birgitta Lundblad na Sven Säfström.

Olsson alitaka krona milioni 3, bastola mbili, kofia za chuma na fulana za kuzuia risasi, gari lenye kasi, na jambo moja ambalo polisi hawakulitarajia: rafiki yake wa gerezani, Clark Olofsson, aletwe pale benki. Serikali ilimleta Olofsson. Fedha zilifika, na gari aina ya Ford Mustang likaegeshwa nje. Ila serikali ilikataa katakata majambazi waondoke na mateka. Olsson naye alijua kwamba akitoka bila mateka hafiki mbali. Hapo mambo yakakwama, na watu sita wakajikuta katika chumba cha kuhifadhia fedha, katika tukio lililodumu siku sita.

Wananchi wa Sweden waliyafuatilia yote kwenye televisheni, mubashara, kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi yao. Kilichowashangaza zaidi hakikuwa bunduki. Kristin Enmark, msichana wa miaka 23, alizungumza kwa simu na Waziri Mkuu Olof Palme, akamwambia kwamba hawaogopi wale wanaume wawili. Aliowaogopa ni polisi: wakishambulia, watawaua wote. Alimwomba Palme awaruhusu mateka waondoke na majambazi kwa hiari yao. Palme alikataa. Siku ya Jumanne usiku, tarehe 28, polisi walipopuliza gesi kupitia matundu waliyotoboa darini na majambazi wakasalimu amri, mateka waliamriwa watangulie kutoka. Wakagoma. Walihofia kwamba wakitoka wao kwanza, polisi wangewapiga risasi wale wawili watakaobaki nyuma. Mlangoni waliwakumbatia na kuagana nao, kisha kila mmoja akaenda upande wake: wanne hospitali, wawili pingu.

Kwa nini mtu amwonee huruma aliyemwelekezea mtutu wa bunduki? Swali hilo limezaa jina linalotajwa leo katika kila lugha, sindromu ya Stockholm, na jina hilo limewafanya wengi waamini kwamba jibu limekwisha kupatikana. Sura hii inasema kinyume. Upendo wa mateka kwa mtekaji wake unaeleweka vizuri tukitazama kilichotokea ndani ya chumba, saa kwa saa. Tukianza na jina la ugonjwa, hatuoni kitu.

Saa kwa saa ndani ya chumba

Mwandishi wa Marekani, Daniel Lang, aliwahoji waliokuwamo na kuchapisha simulizi yao katika jarida la The New Yorker mwaka 1974. Yaliyomo ni mambo madogo madogo. Enmark alikuwa akitetemeka kwa baridi, Olsson akamvika koti lake la sufu mabegani. Lundblad alipiga simu nyumbani kuwatafuta watoto wake, hakuwapata, akalia. Olsson akamwambia asikate tamaa, ajaribu tena. Oldgren alikuwa akiogopa sehemu zilizofungwa, akahisi anakosa pumzi. Olsson alimfunga kamba shingoni na kumruhusu atembee nje ya chumba kile, kadiri kamba ilivyofika. Oldgren alikumbuka kwamba wakati ule aliona ametendewa wema.

Kisa cha Säfström ndicho kizito kuliko vyote. Olsson alimwambia kwamba atampiga risasi ya mguu, ili polisi waone kuwa hatanii, lakini atahakikisha hamuui. Hatimaye hakufyatua. Säfström alisimulia baadaye kwamba alipoambiwa vile, alijisikia kushukuru: huyu mtu ni mwema, anataka mguu tu.

Msomaji aliyekaa nyumbani kwake, mlango umefungwa na ufunguo anao mfukoni, ataona maneno hayo kama wazimu. Säfström hakuwa nyumbani. Alikuwa mahali ambapo kila alichozoea kujiamulia kilikuwa kimehamia mkononi mwa mtu mwingine. Kula, kunywa, kulala, kwenda haja, kusimama, kuongea, na kuishi hadi kesho, vyote vilihitaji ruhusa ya Olsson. Ukishaamini kwamba mtu anaweza kukuua dakika yoyote, kila dakika asiyokuua unaihesabu kuwa zawadi kutoka kwake.

Frank Ochberg, daktari wa akili wa Marekani aliyefanya kazi na mateka wengi tangu miaka ya 1970, ameeleza hatua hizo kwa mpangilio. Kwanza mtu anapigwa na mshtuko na kuamini kwamba anakufa. Kisha anagundua kwamba hawezi kufanya lolote bila kibali. Ndipo vibali vinapoanza kutolewa kimoja kimoja: maji, mkate, ruhusa ya kwenda msalani. Mtu mzima anarudishwa kwenye hali ya mtoto mchanga, asiyeweza kujilisha wala kujisogeza, na aliye mbele yake kila anapofumbua macho ni yule yule mmoja. Mtoto mchanga hajiulizi kama mlezi wake ni mwadilifu. Anamshika. Mateka naye anamshika aliyepo, kwa shukrani ambayo haitoki kwenye fikra bali kwenye sehemu ya zamani zaidi ya nafsi, ile inayojua kwamba bila huyu hakuna kesho.

Kutengwa kunaongeza uzito. Mateka hasikii sauti ya mke, mume, mama wala jirani wa kumkumbusha kwamba anayofanyiwa ni dhuluma. Habari za dunia zinamfikia kupitia mdomo wa mtekaji, na baada ya siku kadhaa anaitazama dunia kwa macho ya mtekaji huyo. Pale Norrmalmstorg hali hii ilizidishwa na polisi wenyewe. Waliufunga mlango wa chumba kutoka nje na kuwafungia mateka ndani pamoja na majambazi. Walitoboa dari kwa keekee huku watu wakiwa chini yake. Olsson aliposikia tishio la gesi, aliwafunga mateka vitanzi shingoni na kuvitundika kwenye makabati, akisema kwamba gesi ikiingia na wakazimia, watanyongeka. Bado gesi iliingia. Kwa waliokuwa ndani, hatari ilikuwa na pande mbili, na upande mmoja ndio uliokuwa ukigawa chakula.

Wema unaochanganyika na kipigo

Wengi hudhani kwamba wema wa mtekaji unapunguza nguvu ya ukatili wake. Utafiti wa wanasaikolojia Donald Dutton na Susan Painter wa Kanada, waliochapisha hoja yao mwaka 1981 kuhusu wanawake wanaopigwa na waume zao, unaonyesha kwamba mambo ni kinyume. Kinachofunga mtu kwa nguvu kuliko vyote ni mchanganyiko wa mambo mawili: mmoja ana uwezo mkubwa mno kuliko mwenzake, na mateso yanakuja kwa vipindi, yakifuatwa na upole. Anayepigwa kila siku bila kupumzika hukata tamaa na kuchukia. Anayepigwa leo, akabembelezwa kesho, kesho kutwa akaletewa zawadi, huishi akiisubiri siku ya upole. Anajifunza kuusoma uso wa mwenzake kuliko anavyousoma uso wake mwenyewe. Yule aliyemletea maumivu ndiye pia mwenye kuyaondoa, na mtu aliye katika maumivu humkimbilia anayeweza kuyaondoa.

Ndiyo maana swali ambalo mwanamke wa namna hii huulizwa na ndugu, majirani, na mara nyingine hata kituo cha polisi, "kwa nini hakuondoka?", linakosea mlengwa. Linamtaka aeleze kwa akili ya mtu huru jambo lililofanyika akiwa si huru.

Wahenga waliliona jambo hili kwa sehemu. Walisema mkono usioweza kuukata, ubusu. Methali hiyo ni ya busara, ila anayezungumziwa humo ni mtu anayejua anachofanya. Anabusu mkono huku moyoni akiuchukia, akisubiri siku yake. Mateka wengi huanza hivyo: wanatabasamu kwa makusudi, wanaitikia kila neno, wanapima upepo. Lakini binadamu hawezi kuigiza usiku na mchana mbele ya mtu anayemchunguza kwa karibu. Mwigizaji mbovu hugunduliwa, na kugunduliwa ni kifo. Njia salama kuliko zote ni kuacha kuigiza. Moyo wenyewe unalainika, na busu linakuwa la kweli. Hapo ndipo watu wa nje wanaposhindwa kuelewa, kwa sababu wao wanajua aina mbili tu za watu, msaliti na mnafiki. Mateka si mmoja wao. Nafsi yake imechagua kuishi, tena imechagua bila kumuuliza.

Uhusiano huu hauendi upande mmoja. Olsson mwenyewe alikiri baadaye kwamba ilikuwa vigumu kwake kuua watu aliokaa nao siku zote zile, wakimtii na kuzungumza naye. Alisema hata kwa namna ya lawama: hawakumshambulia, wangemshambulia angeweza kuua. Jambo kama hilo lilitokea pia Uholanzi. Desemba 1975, vijana wenye asili ya visiwa vya Maluku ya Kusini waliteka treni karibu na kijiji cha Wijster, wakaanza kuwaua abiria ili kuishinikiza serikali. Mhariri wa gazeti, Gerard Vaders, alichaguliwa kuwa mmoja wa watakaouawa. Aliomba kwanza aache ujumbe kwa familia yake kupitia abiria mwenzake. Akazungumza juu ya ndoa yake iliyokuwa na matatizo, na juu ya makosa yake kama mume na baba. Watekaji walisimama wakisikiliza. Alipomaliza, walishindwa kumuua. Wakamchukua abiria mwingine, ambaye hawakumsikiliza, wakampiga risasi.

Vaders alimweleza Ochberg kwamba baada ya hapo ilimbidi apambane na hisia za huruma kwa wale vijana. Alijua kwamba ni wauaji. Alijua pia kwamba wamemwachia uhai wake. Watu wanaojadiliana na watekaji kwa niaba ya polisi wamejifunza kutokana na visa hivi kwamba muda ni rafiki yao: saa zinavyozidi kupita bila damu kumwagika, ndivyo watu walio ndani wanavyoanza kujuana kwa majina, na mtu anayejulikana kwa jina ni mgumu kuua. Ukaribu ambao watazamaji wanauita aibu umeokoa maisha mengi.

Nani alilitoa jina?

Jina la sindromu lilitoka kwa Nils Bejerot, daktari wa akili aliyekuwa mshauri wa polisi katika tukio lile lile la Norrmalmstorg. Yeye aliiita sindromu ya Norrmalmstorg. Nchi za nje zikaifanya ya Stockholm. Kristin Enmark ndiye aliyekuwa mfano mkuu. Enmark, ambaye baadaye alisomea tiba ya saikolojia na mwaka 2015 akatoa kitabu cha kumbukumbu zake, amesema kwamba Bejerot hakuwahi kukaa naye na kumuuliza alichokuwa akikifikiria mle ndani.

Tuyapange mambo haya tuone. Mwanamke kijana anailaumu hadharani mipango ya polisi, kwa sababu anaamini itamuua. Anampigia simu mkuu wa serikali. Kwa simulizi yake, Palme alimuuliza kama haoni kuwa ni jambo jema kufa akiwa kazini kwake. Siku chache baadaye, mshauri wa polisi wale wale anautangazia ulimwengu kwamba yule mwanamke alikuwa na tatizo la akili. Hofu aliyokuwa nayo dhidi ya polisi ilikuwa na sababu zinazoonekana kwa macho: dari inatobolewa, gesi inaandaliwa, kitanzi kiko shingoni. Lakini mara hofu hiyo ilipopewa jina la ugonjwa, hakuna tena aliyelazimika kuijibu.

Hapa kuna mambo mawili yanayopaswa kutenganishwa. Hisia za shukrani na ukaribu kwa mtekaji ni za kweli. Mashahidi ni wengi mno kuweza kupuuzwa. Lakini sindromu kama ugonjwa haimo katika mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani, wala katika orodha ya Shirika la Afya Duniani. Mapitio ya kitaalamu yaliyochapishwa mwaka 2008 yalikuta utafiti ni kidogo, hakuna vigezo vilivyokubaliwa, na sehemu kubwa ya umaarufu wa jina hilo imetoka kwenye vyombo vya habari. Mwaka 2023 kundi la watafiti, akiwamo mwanamke ambaye mwenyewe alitekwa akiwa na miaka 11 na kukaa utumwani miaka 18, lilipendekeza jina hilo liachwe na badala yake tuzungumzie jitihada za mwili na akili za kumtuliza mwenye nguvu ili asiue. Natascha Kampusch wa Austria, aliyetekwa mwaka 1998 akiwa na miaka 10 na kutoroka mwaka 2006, naye amelikataa jina hilo kwa uchungu. Alimlilia mtekaji wake alipokufa, na hakuona kwa nini aombe radhi. Kwa miaka minane hakuwa na binadamu mwingine.

Msituni, kaskazini mwa Uganda

Benki ya Stockholm ilikuwa siku sita. Sharti tujiulize inakuwaje utekaji ukidumu miaka, na aliyetekwa ni mtoto.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba 1996, waasi wa Lord's Resistance Army walivamia shule ya wasichana ya St Mary's, Aboke, na kuwachukua wanafunzi 139. Sista Rachele Fassera, naibu mkuu wa shule, aliwafuata porini akiwa na mwalimu mmoja, akawasihi hadi wakamrudishia wasichana 109. Waliobaki msituni walikuwa 30. Waligawiwa kwa makamanda na kuitwa wake zao. Wengine walikufa huko. Wengine walirudi baada ya miaka mingi, wakiwa na watoto waliozaliwa utekwani.

Katika jeshi lile, watoto waliotekwa walilazimishwa kupiga na kuua, wakati mwingine watu wanaowajua, ili nyumbani pasiwe tena mahali pa kurudi. Msichana aliyepewa kamanda alipata chakula na ulinzi kulingana na cheo cha mwanamume aliyembaka. Akipendwa na kamanda, anakula; akichukiwa, anapigwa au anaachwa nyuma. Kisha anazaa mtoto, na baba wa mtoto ni yule yule. Tunamtaka amchukie kwa ukamilifu, asibakize hata chembe? Waliporudi, wengi walikutana na vidole vya jamii: mke wa muasi, mtoto wa muasi. Walitekwa kwa nguvu, na nyumbani wakahukumiwa kana kwamba walikwenda harusini.

Na yuko Dominic Ongwen, aliyetekwa akiwa mtoto njiani kwenda shule, akakua ndani ya kundi hilo mpaka akawa kamanda. Februari 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimkuta na hatia ya makosa 61, yakiwamo mauaji, ubakaji na ndoa za kulazimishwa. Mwezi Mei mwaka huo alihukumiwa kifungo cha miaka 25. Majaji walizingatia kwamba alitekwa utotoni, na jambo hilo liliipunguza adhabu. Halikuifuta hatia. Nadhani majaji walipita njia iliyo sawa. Kueleza jinsi mtu alivyofungwa moyo na watekaji wake hakumwondolei wajibu wa aliyowatendea wengine alipokuwa na uwezo wa kuchagua. Wasichana waliowekwa chini ya amri yake nao walistahili kusikilizwa, na walisikilizwa.

Tunachowadai waliorudi

Katika visa vyote hivi kuna kosa moja linalorudiwa na sisi tulio nje. Tunamchunguza mateka. Tunachambua machozi yake, tabasamu lake, neno jema alilolisema juu ya mtu mbaya, na kulipima kana kwamba yeye ndiye mtuhumiwa. Mtekaji anabaki nyuma ya pazia, pamoja na kila aliyepaswa kuufungua mlango na hakuufungua.

Anayempokea mtu aliyetoka utekwani, awe mzazi, mwalimu, polisi, kiongozi wa dini au mwandishi wa habari, anahitaji maswali mengine. Nani alikuwa akiamua ale lini? Nani alikuwa mtu wa pekee wa kuzungumza naye? Alijaribu kuomba msaada mara ngapi, na kwa nani, na alijibiwa nini? Alipata faida gani kwa kuwa mpole, na mwenzake asiyekuwa mpole alifanywa nini? Mtu akiulizwa hivyo, huwa anaanza kujielewa. Akiulizwa kwa nini alimpenda adui, hunyamaza, na ukimya huo humrudisha utekwani peke yake.

Hisia alizorudi nazo hazitaondoka kwa karipio. Anaweza kumkumbuka mtekaji kwa shukrani asubuhi na kwa hasira jioni, kwa miaka, na zote mbili zikawa za kweli. Kazi yetu si kumlazimisha achague moja. Ni kumpa kile alichonyimwa kule: watu wengi wa kuwaamini badala ya mmoja, chakula kisicho na sharti, mlango anaoweza kuufungua mwenyewe, na muda. Uhuru ukishakuwa wa kweli, moyo hauna haja tena ya kung'ang'ania mkono ule. Unauachia wenyewe, kwa wakati wake.

Kabla ya hapo, tusimwite mgonjwa wala msaliti. Alikuwa na silaha moja tu, nayo ni uwezo wa binadamu wa kujenga ukaribu na binadamu mwingine hata pale ambapo haukustahili kuwapo. Aliitumia, akaishi. Anayestahili kujieleza mbele yetu ni yule aliyemfikisha mahali ambapo silaha hiyo ndiyo pekee iliyobaki.